Paka Anayechagua Chakula na Kibofu Kinachouma

Kila aliyepita kwenye kozi ya saikolojia ya elimu amekutana na paka wa Thorndike. Mwaka 1898 Edward Thorndike, akiwa bado mwanafunzi pale Columbia, New York, aliwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vya mbao, akaweka chakula nje, akakaa na saa kupima kila paka anachukua muda gani hadi afungue mlango. Paka alihangaika, akakwaruza huku na kule, mwisho akagusa kamba au kitasa kwa bahati. Siku zilizofuata muda ukapungua. Sisi tukaandika "sheria ya matokeo" kwenye daftari, tukafanya test, paka wenyewe tukawasahau.

Mimi naomba turudi kwao kidogo, kwa sababu kuna somo la paka ambalo Thorndike hakulifundisha na ambalo kwa wengine wetu ni la kweli kabisa huko nyumbani: unambadilishaje chakula paka anayechagua, wakati chakula hicho anachokipenda ndicho kinachomharibia kibofu? Thorndike alikuwa na silaha moja kubwa, njaa. Kwa paka huyu njaa hairuhusiwi. Nitaeleza kwa nini.

Mfano wangu unatoka Katumba, Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi. Kwa asiyepajua, ni makazi yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wa wakazi wake leo ni raia wa Tanzania. Kazi kubwa ni kilimo. Mahindi yakivunwa yanalala ndani ya nyumba kwenye magunia, na palipo na magunia panya hawakosi. Kwa hiyo paka kwetu si pambo la sebuleni, ni mlinzi wa ghala. Bibi yangu ana paka dume wa kijivu, umri kama miaka sita, na chakula chake tangu akiwa mtoto ni kimoja: dagaa wakavu. Wazee wengi wa Katumba bado wanawaita ndagala kama Burundi, na migebuka wanaiita mukeke. Wanatoka Ziwa Tanganyika, upande wa Karema na Ikola, humo humo mkoani, ndiyo maana hata nyumba isiyo na hela ya nyama haikosi dagaa.

Mwaka jana paka huyu alianza kuchuchumaa kila baada ya dakika chache. Analia, anajilamba, hakitoki kitu. Majirani wakasema amefunga choo. Bahati nzuri alipatikana daktari wa mifugo kutoka Mpanda mjini, akamzibua mrija wa mkojo, na kabla ya kuondoka akaacha agizo fupi: dagaa wakavu wapungue, apewe chakula chenye maji. Bibi akachemsha nyama. Paka akanusa, akakwaruza sakafu kama anayefukia kinyesi, akaondoka. Siku ya pili vilevile. Bibi akanipigia simu: "Mjukuu wangu, huyu anachagua kuliko mgonjwa wa hospitali." Jioni yake dagaa wakavu wakarudi kwenye kisahani.

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Tuanze na kibofu.

Figo za paka zina uwezo mkubwa wa kubana maji. Ukoo wa paka wa nyumbani ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu, ambaye maji yake mengi aliyapata ndani ya mwili wa panya na ndege aliowala. Panya ni maji kwa karibu theluthi mbili za uzito wake. Mnyama wa namna hiyo hakuhitaji kuwa na kiu kali, na mpaka leo paka hana kiu kali kama mbwa. Sasa mpe chakula kikavu miaka sita mfululizo. Atakunywa zaidi kidogo, ndiyo, lakini hafidii pengo lote. Mkojo unakuwa mchache na mzito, unakaa kibofuni muda mrefu, na madini yaliyomo yanaanza kugandamana kuwa fuwele. Fuwele ndogo zinaweza kuungana na ute, zikawa kizibo. Jike ana mrija mpana kiasi, kwake mara nyingi shida inaishia kwenye maumivu na damu. Dume mrija wake ni mwembamba na unazidi kusinyaa kuelekea mwisho. Huko ndiko kizibo kinakwama.

Hapa lazima niseme neno kuhusu UTI, maana Tanzania hii kila mtu ana UTI. Ukiumwa kichwa UTI, ukichoka wakati wa mitihani UTI, na paka akichuchumaa watu wanataka antibayotiki zilizobaki nyumbani. Kwa paka kijana au wa makamo, maambukizi ya bakteria ndiyo sababu ya matatizo haya kwa wachache tu. Wengi wao kibofu kinavimba bila bakteria yeyote, na hali hiyo inaendana na msongo: nyumba imepata paka mgeni, watoto wanamfukuza, amehamishwa sehemu yake ya kulala. Wengine wana fuwele au vijiwe. Bakteria huwa wa kawaida zaidi kwa paka wazee, waliovuka miaka kumi. Kwa hiyo kidonge cha kubahatisha hakigusi tatizo la wengi wao. Na paracetamol, ile tunayoiita panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake halina njia ya kutosha ya kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Huo si mzaha, watu hutoa kwa huruma kabisa.

Tupige hesabu ndogo ya maji. Paka wa kilo nne anahitaji kama mililita 200 kwa siku, chakula na kinywaji kwa pamoja. Akila gramu 60 za dagaa wakavu, ambazo zinamtosha kwa nguvu ya mwili, ndani yake hapati hata vijiko viwili vya chai vya maji. Akila gramu 250 za samaki wabichi waliochemshwa bila kukaushwa, ambazo zinatoa nguvu inayokaribiana, anapata karibu mililita 190 kabla hajagusa bakuli la maji. Tofauti yote iko hapo. Ndiyo maana mimi nasema swali la kwanza si "chakula gani kizuri", ni "kina maji kiasi gani".

Nasema hivi nikijua kwamba wataalamu wenyewe walichukua muda kufika hapo. Miaka ya 1970 na 1980 lawama kubwa ilikuwa kwa magnesiamu, kwa sababu fuwele za kawaida zaidi wakati huo, struvaiti, zimetengenezwa kwa magnesiamu, amonia na fosfati. Viwanda vya chakula cha paka huko Marekani vikapunguza magnesiamu na kuongeza kinachofanya mkojo uwe na asidi, kwa sababu struvaiti huyeyuka kwenye asidi. Ikafanya kazi. Vijiwe vya struvaiti vikapungua. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990, maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyokuwa ikipokea vijiwe vya paka kutoka sehemu nyingi ilikuwa inaona zaidi aina nyingine, kalsiamu oksaleti, ambayo haiyeyuki kwa chakula, inataka upasuaji. Ulizuia mlango mmoja, ukafungua mwingine. Maji hayana hasara hiyo, kwa sababu mkojo mwepesi unapunguza kila aina ya fuwele.

Sasa turudi jikoni Katumba, kwa vile vilivyopo. Chakula cha makopo kipo kwenye supamaketi za miji mikubwa, na kopo moja dogo linaweza kumaliza hela ya mboga ya siku nzima ya familia, hivyo tukiache.

Dagaa hawana haja ya kufukuzwa. Shida yao ni ukavu, pamoja na mifupa na vichwa, maana humo ndimo fosfati na magnesiamu nyingi zimejificha. Wachambue kama unavyochambua wa mboga: toa kichwa, toa utumbo, na wale wakubwa toa na mgongo. Waloweke, mwaga maji ya kwanza kama wana chumvi au mchanga, kisha wachemshe kwenye vikombe viwili vya maji bila chumvi, bila kitunguu, bila kitu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikipikwa. Na maji yale uliyochemshia usiyamwage, ndiyo dawa. Taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha, huhamia kwenye mchuzi wakati wa kuchemsha. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka anayekosa taurini anaharibika macho, na mwaka 1987 ikaonyeshwa kwamba moyo wake pia hupanuka na kuchoka. Kwa hiyo mchuzi unampa maji na taurini kwa pamoja.

Magadi usiweke. Najua maharage hayaivi upesi bila magadi, na mlenda bila magadi wengine hawauli, lakini magadi yanasukuma mkojo kwenye alkali, na huko ndiko struvaiti inapenda kujengeka. Kuna mtu atasema basi tumkamulie ndimu, ndimu si kali? Ukali wa mdomoni na ukali wa mkojoni ni vitu viwili. Asidi ya ndimu ikishatumika mwilini matokeo yake yanaelekea kwenye alkali. Na paka mwenyewe harufu ya ndimu haitaki, utakuwa umepoteza sahani nzima.

Ugali ni jambo la kuchekesha. Una maji mengi, kweli, lakini protini yake ni kidogo sana kwa mnyama ambaye kwa maumbile ni mla nyama, na chakula cha nafaka nacho kinaelekeza mkojo kwenye alkali. Tonge dogo lililolowa mchuzi wa dagaa si mbaya kwa kujazia. Sahani ya ugali yenye kichwa kimoja cha dagaa juu yake, ambayo ndiyo chakula cha paka wengi vijijini, haifai kwa mgonjwa huyu. Sukari haimsaidii kumvuta pia: mwaka 2005 ilitangazwa kwamba jeni ya paka ya kuhisi utamu ni mbovu, hasikii utamu kabisa. Maziwa ya ng'ombe wengi wakishakuwa wakubwa yanawaharisha, na anayeharisha anapoteza yale maji unayomtafutia. Moyo wa ng'ombe au wa kuku, ukipatikana siku ya mnada au siku ya kuchinja, ni mzuri sana, una taurini nyingi. Maini kidogo tu, mara moja kwa wiki, kwa sababu vitamini A ikizidi inaumiza mifupa. Samaki wabichi wasiopikwa hapana, baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kupika kunakiua.

Na panya? Panya ndio chakula chenye maji na virutubisho vyote alichoumbiwa. Mlinzi wa ghala akifanya kazi yake vizuri anajitibu kidogo. Sharti moja, nyumba hiyo na za jirani zisiwe zinatumia sumu ya panya, kwa sababu panya aliyekula sumu ni mwepesi kukamatwa.

Haya yote bibi angeweza kuyajua na bado paka akagoma. Kwa hiyo sasa tuingie kwenye ualimu.

Watu husema, mwache, akisikia njaa atakula. Kwa mbwa pengine. Kwa paka asiyekula kabisa siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, linajaa mafuta na linaanza kushindwa kazi. Paka anageuka manjano kwenye fizi na masikio, na kuanzia hapo hata ukimpa dagaa wake wa zamani hali tena. Ndiyo maana nimesema njaa ya Thorndike haituhusu. (Hata yeye paka wake walikuwa wazima.) Kanuni ya nyumbani iwe hivi: akipitisha siku nzima bila kugusa kitu, rudisha chakula cha zamani usiku huo huo, uanze upya kesho kwa hatua ndogo zaidi.

Kuna jina lingine kutoka kozi ile ile linalofaa zaidi hapa, John Garcia. Mwaka 1955 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya aliyekunywa maji yenye ladha ya sakarini kisha akapigwa mionzi iliyomchafua tumbo, baadaye aliyakwepa maji hayo. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mara moja tu inatosha, hata ugonjwa ukija saa kadhaa baada ya kula. Sasa tazama kilichotokea kwa bibi. Nyama mpya ilikuja siku ile ile paka ana maumivu, ametoka kushikwa na kuchomwa sindano. Kwa paka, nyama na maumivu vimeandikwa ukurasa mmoja. Chakula kipya hakitambulishwi siku ya ugonjwa. Wakati wa maumivu mpe anachokijua, kilichoongezewa maji, na kile kipya kisubiri mpaka awe anacheza tena. Kwa sababu hiyo hiyo dawa chungu usiifiche kwenye chakula anachokipenda, utakipoteza.

Baada ya hapo ni hatua ndogo ndogo, ule utaratibu ambao Skinner aliuita kuunda tabia: unazawadia kila kinachosogea kuelekea unachotaka. Binamu yangu wa darasa la sita ndiye aliyeifanya kazi hii, mimi nikiwa chuoni nasubiri bumu na kuelekeza kwa simu. Siku nne za kwanza dagaa walikuwa walewale wakavu, ila waliochambuliwa. Paka alikula bila kesi. Kisha tukamwambia anyunyizie kijiko kimoja cha chai cha mchuzi wa vuguvugu juu yao, muda mfupi kabla ya kumpa, ili wabaki wagumu ndani. Kilichotushangaza ni kwamba ugumu ndio alioung'ang'ania. Paka wengi waliokulia aina moja ya chakula wanakumbuka namna kinavyohisika mdomoni, sio harufu peke yake. Vijiko viwili, sawa. Vitatu, akaacha nusu. Tukarudi viwili kwa siku tano. Hii ya kurudi nyuma ndiyo watu hawapendi, wanaona kama kushindwa, lakini mwalimu yeyote aliyefundisha kusoma darasa la kwanza anajua silabi zinarudiwa.

Uvuguvugu ni wa lazima. Chakula kikiwa na joto la mwili, kama la panya aliyekamatwa sasa hivi, harufu inapanda, na paka anachagua kwa pua kwanza. Kiporo cha asubuhi kilichopoa hakivutii, na kwa joto la Mpanda la Septemba na Oktoba mchuzi wa dagaa unachacha upesi, hivyo kisichoguswa baada ya nusu saa kiondolewe. Toa kidogo mara tatu kwa siku, sio lundo moja. Bakuli la maji liwe pana, likae mbali na chakula na mbali na kuku, libadilishwe kila siku. Bibi aliweka la pili karibu na mtungi kwa sababu alishamwona analamba matone pale.

Wiki ya sita alikuwa anakula dagaa waliolowa nusu wakielea kwenye mchuzi, anaanza kwa kunywa. Migebuka iliyochemshwa anakubali ikichambuliwa vipande vidogo na kuchanganywa humo. Moyo wa ng'ombe mpaka leo hataki.

Niongeze onyo ambalo halitegemei chakula. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila tone hata moja hatakiwi kungojwa mpaka kesho. Mkojo usipotoka, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja hadi tatu. Kutapika na kulegea ni dalili kwamba muda umekwenda sana. Hakuna mchuzi wala majani yatakayozibua mrija, na kumkandamiza tumbo kunaweza kupasua kibofu. Afisa mifugo wa kata anapigiwa simu saa hiyo hiyo, hata kama kazi zake nyingi ni ng'ombe na kuku, maana yeye anajua daktari aliye karibu ni nani. Madaktari wetu wa mifugo wanasomea SUA, Morogoro, na paka wapo kwenye masomo yao.

Ili uweze kumjibu akikuuliza, mwekee paka beseni la mchanga mkavu kwenye kona tulivu badala ya kumwacha aende shambani. Asubuhi hesabu mabonge ya mchanga uliolowa. Paka mzima kwa kawaida huacha mawili hadi manne kwa siku, na akianza kula chakula chenye maji mabonge yanakuwa makubwa zaidi. Mabonge mengi madogo madogo ni dalili ya maumivu kuanza upya, bonge lenye wekundu ni damu, na mchanga mkavu tangu jana jioni ni simu ya haraka. Binamu anaandika idadi kwa mkaa ukutani jikoni, kila siku mstari wake, na bibi ameshaacha kulalamika kuhusu ukuta.